Jibu: Filamu ya TV kuhusu wazee wa makazi, nianzie wapi hapa Mwanza?

Mkuu, umeuliza kama hadithi ya wazee wanaoishi kwenye makazi inaweza kupigwa picha huku kwetu bila kuonekana ya Ulaya. Inaweza kabisa. Nenda Bukumbi, wilayani Misungwi. Pale kuna makazi ya wazee ya serikali, na historia yake inagusa pia watu waliougua ukoma.

Ila nakuomba sana, usiandike wazee wa kulialia tu mbele ya kamera. Waandike wakicheza bao, wakigombana, wakipendana. Na mpe nafasi bibi mmoja aliyekimbia kijijini kwake kwa sababu ya macho mekundu. Usukumani vikongwe wengi wameitwa wachawi, wengine wakauawa, kumbe macho yameharibiwa na moshi wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe jikoni. Inaniuma kila nikiliwaza. Mwache asimulie mwenyewe, taratibu, aanze na "mwangaluka" yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ndipo aingie kwenye Kiswahili.

Kibali utaomba Bodi ya Filamu, halafu muone afisa ustawi wa jamii. Na wazee wenyewe waulizwe kabla kamera haijatolewa kwenye begi.