Fedha si fedha tu: jua kwanza unamsaka bakteria gani

Juzi mdogo wangu mmoja wa maabara kaniandikia: "Dada, bosi katoa hela ya seti moja tu. Nichukue Grocott au Warthin-Starry?" Hizo ni rangi mbili za madini ya fedha, za kuwatia weusi vijidudu kwenye kipande cha mwili ili waonekane kwa hadubini. Nikacheka, kisha roho ikaniuma. Mimi swali hilo sikumuuliza mtu.

Nilikuwa na Grocott kabatini, nimeizoea. Kikaja kipande cha ngozi, daktari anashuku kaswende. Nikajiambia, zote si fedha? Nikatia rangi, fangasi wa slaidi ya kontroli, ile yenye vijidudu tunavyovijua tayari, wakatoka weusi wazuri, nikaandika: bakteria hawajaonekana. Kontroli ya fangasi, namsaka Treponema, bakteria wa kaswende! Maabara nyingine wakarudia kwa Warthin-Starry, wakawakuta wamejikunja kama spiringi, weusi juu ya manjano. Mkubwa wangu akanisomea yale majibu mbele ya wanafunzi wa mazoezi. Hadi leo nikisikia viatu vyake koridoni, tumbo linanisokota.

Sikilizeni, jamani. Grocott huanza na asidi ya kromiki, ambayo huzigeuza sukari za ukuta wa fangasi ziwe aldehaidi, na hizo ndizo zinazogeuza fedha kuwa nyeusi. Treponema hana ukuta wa namna hiyo. Kwenye Warthin-Starry, fedha humganda mwilini, haidrokwinoni ikaigeuza nyeusi, na yule mwembamba asiyeonekana kwa Gram, rangi ya kawaida ya bakteria, akanenepa. Ndiyo maana huwafaa pia Bartonella, bakteria wa ugonjwa wa mkwaruzo wa paka.

Ila msidhani ukiinunua umemaliza. Slaidi yangu ya kwanza ilijaa punje nyeusi kama pilipili manga. Kisa? Kibano cha chuma. Tumieni cha plastiki, vyombo vioshwe kwa asidi, pH, yaani kipimo cha uasidi, ichungwe kwenye 4 hivi. Na kontroli iwe ya bakteria mwenyewe. Nasema tena, kontroli!

Kama sampuli zako nyingi ni za tumbo, hela yenyewe usiiguse. Najua daktari Robin Warren aliwaona Helicobacter, bakteria wa tumbo, kwa fedha kule Perth, Australia, mwaka 1979, lakini rangi ya Giemsa ni rahisi, haina makeke, na kwa kazi ya kila siku inawaonyesha.

Basi mdogo wangu nimemrudishia swali: mwaka huu umepokea vipande gani zaidi? Kimya. Nadhani yuko kwenye rejista, anahesabu.