Zahanati inayojivunia vitanda vibovu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Reno, jimbo la Nevada, Marekani, na mwanangu anasoma chuo kikuu cha hapa. Nilikuwa nawaandikia ndugu na jamaa habari za chuo hicho, nikasema: "Chuo hiki kinajivunia mmea wa sagebrush, ambao ni ishara ya kiburi cha michezo na kumbukumbu za eneo." Binamu yangu wa Tanga amenicheka, anasema hiki ni Kiswahili cha kukodi. Jina la mmea niliiuliza programu ya kutafsiri, ikanipa "brashi ya mhenga", nikaona bora niliache kama lilivyo. Nimekosea wapi? (Mama Mwanachuo, Reno)

JIBU: Marahaba, mama. Brashi ya mhenga nimeicheka hadi chai ikapoa. Mhenga gani huyo, na hiyo brashi anapigia mswaki au anapakia chokaa? Ulifanya vyema kutoiamini.

Jina tulimalize upesi, maana halina ugomvi. Mmea huo wataalamu wanauita Artemisia tridentata, na ukoo wa Artemisia si mgeni kwetu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaujua kwa jina la pakanga: Mithali inautaja kwa uchungu wake, na katika Ufunuo ile nyota iliyoanguka na kuyatia maji uchungu inaitwa Pakanga. Ndugu yake mmoja, Artemisia afra, anaota kwenye nyanda zetu za juu, Kilimanjaro ikiwemo. Ndugu mwingine, Artemisia annua, asili yake China, ndiye aliyetupa kiini cha dawa mseto ya malaria. Kwa hiyo andika "pakanga ya Nevada" bila woga, na mara ya kwanza ueleze: kichaka cha rangi ya kijivu inayoelekea fedha, majani yake yana meno matatu kwenye ncha, na ndiyo maana ya hilo tridentata. Nusu ya kwanza ya jina la Kiingereza, "sage", inapotosha, kwa sababu ni jina la kiungo cha jikoni ambacho hakina udugu na pakanga. Wanafanana harufu tu.

Sasa nije kwenye "kinajivunia". Hapo kisarufi huna kosa, mama. Lakini umelitaja neno hilo mbele yangu, nami nina kesi nalo ya miaka, kwa hiyo utanivumilia.

Fungua redio saa yoyote ya habari. Wilaya inajivunia shule 40 za msingi. Hoteli inajivunia vyumba 60 na maegesho. Klabu inajivunia pointi 9 baada ya michezo 11, na sasa ni ya pili kutoka mkiani. Beki anajivunia kadi 5 za njano. Na lile nilipendalo kuliko yote, ambalo nililisikia kwa masikio yangu haya: zahanati moja ya kijijini "inajivunia vitanda 12, ingawa 7 kati ya hivyo ni vibovu".

Hebu tuingie ndani ya zahanati hiyo tumtafute mwenye kujivuna. Si jengo, maana jengo halina kifua cha kukitunisha. Mganga mfawidhi? Yeye ameshaandika barua tatu wilayani kuomba vitanda na hajajibiwa. Muuguzi wa zamu? Amewalaza wajawazito wawili mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, na cha jirani chaga zake zimekatika, godoro limezama katikati kama mtumbwi. Mgonjwa aliyelala sakafuni? Labda yule fundi aliyeviuza vile saba, huyo kweli ana la kujivunia, ila hakuhojiwa. Tumezunguka wodi nzima na mwenye fahari hatujamwona. Tumeona vitanda vitano vizima na msomaji wa habari mwenye sauti nzuri.

Ugonjwa huu najua ulikotoka. Kiingereza kina kitenzi cha kutamba, "boast", ambacho wauza hoteli na waandishi wa vipeperushi vya utalii walikitumia hadi kikachakaa, majigambo yote yakakitoka, kikabaki na maana ya "kuwa na". Mwenyewe Mwingereza akikisikia hashtuki tena. Mtafsiri wetu sasa, taarifa ya saa mbili imemkaribia, amekikuta kwenye habari ya shirika la nje, amefungua kamusi, ameona "kujivunia", amelipachika. Aliyefuata hata kamusi hakufungua, aliiga. Leo hawahitaji habari ya Kiingereza kuwaanzishia, wanaanza wenyewe.

Na kisa chote ni kuionea haya "kuwa na". Sijui nani aliwaambia kwamba "ina" ni neno la watoto. Zahanati ina vitanda 12, saba ni vibovu. Kwisha. Pumzi ya mtangazaji imesalimika na wajawazito hawakudhihakiwa. Beki ana kadi 5 za njano. Klabu ina pointi 9, masikini.

Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeliwekea neno hili mpaka mzuri. Kwa sura ni -vuna iliyotanguliwa na ji- ya kujirudia, na anayetaka kusadiki kwamba mwenye kujivuna anajichumia sifa shambani mwake mwenyewe, sitamzuia. Muhimu ni mnyambuliko. Kujivuna ni tabia mbaya: ukimsema mtu anajivuna, huendi kumsifu. Ongeza -i- tu, likawa kujivunia, na lawama imeondoka, kwa kuwa sasa pana jambo lililoleta ile furaha na jambo hilo linatajwa. Bibi anajivuna, majirani watamkwepa. Bibi anamjivunia mjukuu wake aliyefaulu, majirani watakuja kumpongeza. Irabu moja imebadili mwenendo wa mtu! Halafu tunaichukua kazi hii nzuri tunaipa vitanda.

Kwa hiyo anayejivunia lazima awe na moyo, au awe jumuiya ya wenye mioyo, na anachojivunia kiwe na sifa. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kinaweza kumjivunia Henry Rono, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi wake na ambaye mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hapo nani atabisha? Ukiniambia chuo hichohicho kinajivunia vyoo 300, nitazima redio.

Nimesema sentensi yako kisarufi haina kosa. Swali linalobaki ni la ukweli: nani hasa anaijivunia hiyo pakanga? Timu za chuo cha mwanao zamani ziliitwa Sagebrushers, tuseme Wapakanga, kisha miaka ya mwanzo ya 1920 jina hilo likaachwa, wakawa Wolf Pack, kundi la mbwamwitu. (Wao huliandika kwa maneno mawili. Chuo cha jimbo la North Carolina, chenye jina hilohilo, huliunganisha. Aone haya anayedhani wasumbufu wa tahajia tuko Afrika Mashariki tu.) Pakanga ilibaki kwenye gazeti la wanafunzi, ambalo limebeba jina hilo tangu 1910. Na jimbo lenyewe limeifanya ua lake rasmi, na kwenye bendera iliyopitishwa 1929 matawi mawili ya pakanga yamepishana chini ya nyota ya fedha. Kwa hiyo uwanjani wanashangilia mbwamwitu, na fahari ya pakanga iko kwa jimbo na kwa wahariri vijana.

Sasa kiburi. Hapa ndipo binamu yako alipocheka, na ana haki. Kiburi ni neno la Kiarabu lililoingia kwetu na dhambi yake mkononi, na halijawahi kutubu. Mtoto mwenye kiburi haamkii wakubwa. Huwezi kuwa na kiburi cha michezo ukatarajia pongezi. Neno ulilolitaka ni fahari, la Kiarabu pia, lakini lenye adabu.

Nevada wenyewe wanatupa somo la haya maneno matatu kwa chombo kimoja. Chuo cha mwanao na kile cha Las Vegas hukutana kila mwaka katika mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatia, na tangu 1970 wanagombea mzinga wa Fremont (mzinga wa vita, si wa nyuki). Ni mfano wa mzinga ambao mvumbuzi John C. Frémont aliutelekeza kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada majira ya baridi ya 1843 kuingia 1844. Uzito wake ni karibu kilo 250. Mshindi huupaka rangi yake: Reno wakiuchukua unakuwa buluu, Las Vegas wakiuchukua unakuwa mwekundu. Basi siku ile vijana wa Reno wanaposhika brashi na kopo la buluu, wanaujivunia ushindi wao, na hiyo ni fahari. Wakianza kupita mbele ya wenzao wa Las Vegas wakiimba na kuwanyooshea vidole, wanajivuna. Wakiapa kwamba mzinga hautapakwa nyekundu tena hadi kiama, hicho sasa ni kiburi, na mwaka unaofuata huwa una majibu yake.

"Ishara" nayo uibadili. Ishara anaitoa trafiki kwa mkono. Kinachochorwa kwenye bendera ni nembo, au alama, ila "alama" nayo imeshatekwa na wanaohesabu pointi za ligi, kwa hiyo ukiitumia karibu na michezo msomaji atauliza ni alama ngapi.

Nimefika kwenye "kumbukumbu za eneo", na nitasema polepole kwa sababu uko mbali na nyumbani. Eneo ni neno la mpima ardhi. Eneo la ujenzi, eneo la tukio, eneo la hatari. Hakuna mtu aliyewahi kulilia eneo. Kiswahili kina "kwetu" na "kwao", silabi mbili zenye nyumba, kaburi la babu na mti wa uani ndani yake, nasi tunaziacha tunaandika kama ofisi ya mipango miji. Mtu wa kaskazini mwa Nevada anayeishi mbali akikutana na harufu ya pakanga iliyolowa mvua, kwa kuwa majani yake yana mafuta na mvua huyaamsha, hakumbuki eneo. Anakumbuka kwao. Nasema wa kaskazini kwa makusudi: bonde la Las Vegas liko katika jangwa la Mojave, ambako kichaka kinachotawala ni kingine, Larrea tridentata, chenye jina la meno matatu kama mwenzake na harufu isiyofanana naye.

Kumbukumbu hizo hazikuanza na chuo pia, kilichofunguliwa Elko 1874 na kuhamia Reno 1885. Katika pango la Fort Rock, jimbo jirani la Oregon, mwaka 1938 zilichimbuliwa ndara nyingi zilizosukwa kwa magome ya pakanga, na vipimo vilipofanyika zikaonekana zina zaidi ya miaka 9,000. Kabla hapajawa na timu ya kushangilia, watu walikuwa wameshaivaa miguuni. Mwambie mwanao jambo hilo, na umwambie pia aikague pakanga akipita mashambani, maana moto ukiila haichipui kutoka kisikini kama miti mingi. Huanza upya kwa mbegu, na siku hizi nyasi za kigeni zinazokauka mapema zinauleta moto mara kwa mara kuliko mbegu zinavyoweza kuvumilia.

Kuhusu kesi yangu na kujivunia, najua nimeshashindwa. Vijana waliokua na redio hizo wanaandika hivyo kwenye insha, walimu wanaweka vema, na kamusi ijayo itaongeza maana ya pili yenye maneno mawili: "kuwa na". Siku hiyo nitainunua, nitaifungua ukurasa huo, nitaifunga. Lakini wewe, mama, bado unaweza kuandika hivi: "Jimbo la Nevada linajivunia pakanga yake, ambayo limeiweka kwenye bendera. Timu za chuo hiki ziliwahi kuitwa kwa jina lake, na kwa watu wa huku harufu yake ni kumbukumbu ya kwao." Kujivunia limo mara moja tu, na mwenye kujivunia anajulikana.

Na kama chuo cha mwanao kina mabweni, andika kina mabweni.