Kwa ajenti mgeni: hiyo fomu isome kwanza

Siku ya uchaguzi mdogo wa ubunge wa Malava, Kenya, Novemba 27, 2025, nilikuwa nje ya geti la shule moja ya msingi, nikiwangoja vijana wetu, maajenti waliomwakilisha mgombea vituoni, watoke na nakala za Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge. Wa kwanza kutoka alinipa yake ikiwa imekunjwa mara nne kama barua ya mapenzi. Nikamwuliza, "Tumepata ngapi hapa?" Akaichukua tena kutoka mkononi mwangu, akaikunjua, ndipo akaanza kulitafuta jina la mgombea wetu. Yaani ameweka sahihi kwenye karatasi ambayo hajui inasema nini. Na huyo alikuwa na uchaguzi wa nafasi moja tu. Agosti 10, 2027, uchaguzi mkuu, atakuwa na nafasi sita, tangu rais hadi mwakilishi wa wadi.

Nawapenda nyinyi vijana. Bila nyinyi sisi wazee tungekesha peke yetu. Lakini mnanichosha. Makosa mnayoyafanya tuliyafanya sisi, tukayalipia, na bado mnayarudia kana kwamba hakuna aliyewatangulia. Basi nayaandika. PO ni msimamizi wa kituo, KIEMS ni mashine ya kutambua wapiga kura; zaidi ya hapo sitaeleza. Kama hujui hayo, kwenye mafunzo ya mgombea wako ulifuata mandazi tu.

1. Fika mapema. Kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo saa kumi na moja uwe mlangoni na barua yako ya uteuzi, kitambulisho na beji. Masanduku huonyeshwa maajenti yakiwa matupu, kisha hufungwa kwa lakiri zenye namba. Namba hizo ziandike. Anayeingia saa mbili akihema, eti bodaboda ilipata pancha, atakuwa shahidi wa kila kitu isipokuwa mwanzo, na wakili wa upande wa pili huanzia hapo hapo.

2. Kofia ya chama, leso ya chama na fulana yenye uso wa mheshimiwa ziache nyumbani.

3. Iangalie karatasi ya kura kabla mtu wa kwanza hajapiga: jina la mgombea wako, picha yake. Unacheka? Mwaka 2022 uchaguzi wa gavana Kakamega na Mombasa uliahirishwa kwa sababu ya karatasi za kura zilizochanganywa, na hapa kwetu Nakuru, eneobunge la Rongai, ubunge nao ukaahirishwa kwa kasoro za karatasi. Watu wakarudi debeni Agosti 29. Sasa, siku ile ya kwanza, Agosti 9, kijana mmoja niliyempanga upande wa Rongai alisikia "uchaguzi umeahirishwa," akafungasha, akaenda zake kulisha ng'ombe. Ulioahirishwa pale ulikuwa wa mbunge. Ile mingine mitano iliendelea, na kiti chake kikakaa kitupu hadi nilipompata kwa simu adhuhuri. Tena yeye ndiye aliyenikasirikia: "Mzee, si walisema?" Walisema, kijana wangu. Wewe hukusikiliza mpaka mwisho.

4. KIEMS isipotambua kidole, nyamaza kwanza. Fundi wa mjengo, mvunja kokoto, mama wa shamba: vidole vyao vimelika kwa kazi. Karani ataingiza namba ya kitambulisho, Fomu 32A, ya wasiotambuliwa na mashine, itajazwa, foleni itasonga. Nimemwona ajenti mpya kule Kaptembwo akiruka juu na kupaza sauti, "Hapa kuna wizi!" kwa sababu ya nyanya mmoja mwenye mikono iliyopasuka. Yule nyanya alimgeukia polepole. Akamwambia kwamba yeye alipiga mlolongo 1988, akasimama nyuma ya picha ya mtu wake kwenye foleni iliyozidi zote uwanjani, na jioni akasikia aliyetangazwa ni mwenye foleni fupi. "Wizi naujua, mjukuu wangu. Hii ni mikono tu." Kituo kizima kikacheka, hadi polisi wa mlangoni. Yule ajenti hakusema neno tena mpaka saa kumi na moja jioni, na ukweli ni kwamba alifanya kazi nzuri sana baada ya hapo.

5. Mpiga kura anayehitaji msaada ana haki ya kuja na mtu wake. Asiye na mtu husaidiwa na PO mbele yenu maajenti, na hapo ndipo usogee usikie, uache simu.

6. Mheshimiwa ameahidi kwamba chakula cha mchana kitaletwa. Hakitaletwa. Beba chako, na sweta.

7. Wakati wa kuhesabu kaa mahali unapoona uso wa karatasi, si mgongo wa karani. Karatasi hutolewa, jina hutajwa, nanyi huonyeshwa. Wewe chora vijiti vinne na cha tano ukikatize, kila mgombea na mstari wake, hata wale usiowajali. Alama iliyotoka kidogo nje ya kisanduku haiharibu kura ikiwa nia ya mpiga kura inaonekana wazi. Aliyealamisha wagombea wawili wa nafasi moja, kura yake imekufa. Pinga, iandikwe, msonge mbele. Karani naye amekesha, naye ana mtoto nyumbani. Na hesabu isipokaa vizuri, ajenti ana haki ya kuomba kura zihesabiwe upya, isizidi mara mbili. Haki hiyo iko mle darasani, usiku ule. Ukishatoka na kupanda bodaboda, huna.

8. Fomu. Hapa nitakawia.

Agosti 8, 2017 nilikuwa ajenti wa jirani yangu aliyegombea uwakilishi wa wadi, huku huku Nakuru. Jina lake na la shule nayaweka kando. Alikuwa mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, hakuwa na pesa ya kampeni kubwa, lakini mtaa ulimpenda. Tulianza na kura za rais, kama sheria inavyotaka, na hapo kila ajenti alikuwa macho makavu, watu wanne wakibishania karatasi moja. Zilipofika za wadi ulikuwa usiku wa manane, taa moja, baridi ya Nakuru ya Agosti, nusu ya maajenti wamejilaza juu ya madawati. Mimi sikulala. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Vijiti vyangu vilikuwa safi, na vilisema jirani yangu ameongoza kituo kile kwa mbali.

PO, mwalimu mstaarabu, akasoma matokeo kwa sauti, yakalingana na daftari langu. Kisha akainama kujaza Fomu 36A, ya matokeo ya wadi. Nikaona hapo hakuna kazi tena, nikatoka nje kumpigia mgombea simu. "Jirani, hapa tumewapiga!" Nikasikia shangwe upande wake, akina mama wakipiga vigelegele. Nikarudi ndani kifua mbele. Nikaambiwa niweke sahihi. Nikafanya kitu nilichokiona cha kijanja: nikajumlisha. Kura halali, sawa. Zilizokataliwa, sawa. Jumla haikuzidi wala kupungua hata moja. Nikasaini kwa mbwembwe, mkia wa sahihi ukavuka mstari.

Sasa sikiliza. Kulikuwa na wagombea wawili wenye majina yanayokaribiana, na kwenye fomu walifuatana, mmoja juu, mwingine chini. PO, kwa usingizi, aliandika kura za jirani yangu kwenye mstari wa yule mwingine, na za yule mwingine kwenye mstari wa jirani yangu. Ndiyo maana jumla ilikaa sawa. Unaweza kujumlisha mpaka kuche, jumla haitakuambia kwamba namba mbili zimebadilishana viti. Kilichotakiwa ni kuliweka daftari kando ya fomu na kushuka nalo mstari kwa mstari, jina na namba yake, kazi ya dakika mbili. Sikuifanya kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu tumeshinda, na mtu aliyekwisha kutangaza ushindi hasomi tena. Ajenti wa yule mwingine alisaini baada yangu. Aliitazama fomu kwa muda, akanitazama mimi, akanitakia safari njema. Simlaumu. Ningekuwa yeye nami ningenyamaza. Nakala ikabandikwa mlangoni na kosa lake vile vile.

Niligundua kwenye ukumbi wa kujumlishia, fomu za vituo zikisomwa. Nikaruka kutoka kwenye kiti. Msimamizi wa ukumbi akanisikiliza kwa upole, akaigeuza fomu upande wangu, akaweka kidole kwenye sahihi. "Hii ni yako, mzee?" Nikamwonyesha daftari. Akasema daftari si fomu, na kwamba yeye hana mamlaka ya kugusa namba iliyotoka kituoni. Sikuwa na la kumjibu. Juni mwaka ule ule, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imesema matokeo ya rais yakishatangazwa eneobunge ni ya mwisho, tume ya uchaguzi kule Nairobi haiwezi kuyabadilisha. Uamuzi huo tuliushangilia sana mtaani, mimi nikiwa mbele: namba za chini zisiguswe na walio juu! Na kweli, yangu haikuguswa.

Jirani yangu alishindwa kwa kura chache kuliko zile zilizohama mstari. Unauliza mahakama? Kesi ya wadi husikizwa na hakimu, hufunguliwa ndani ya siku 28, na dhamana ya gharama ni shilingi 100,000, wakili hujamlipa. Duka lilikuwa limeshakonda kwa kampeni. Mke wake akasema imetosha. Siku 28 zikapita. Alinilipa pesa yangu yote, noti juu ya noti, hakukata hata shilingi, wala hakuniuliza kitu. Afadhali angenitukana. Nikienda dukani kwake kununua misumari hunipunguzia bei, nami nakataa kupunguziwa, tunavutana pale mpaka wateja wanatushangaa.

9. Mtaniuliza kwa nini nakazania 36A wakati kila mtu anazungumza 34A, ile ya rais. Ni kwa sababu hiyo hiyo. Kabla ya 2002 masanduku yalibebwa kutoka vituoni mpaka ukumbi wa kuhesabia, na ajenti aliyejiheshimu hakuyaacha machoni mwake njia nzima. Tangu 2002 hesabu inafanyika kituoni. Kisha 2022 tume ikaziweka Fomu 34A kwenye tovuti, na kila mwenye simu akawa anajumlisha rais mwenyewe, kinyozi, mwanafunzi, mama mboga. Mahakama ya Juu ilipozikagua haikuona tofauti ya maana kati ya zilizokuwa kwenye tovuti na karatasi zilizofikishwa Bomas, ukumbi wa taifa wa kujumlishia kura za rais. Fomu hiyo ina walinzi nchi nzima. Ya wadi, usiku ule, ina nyinyi wachache mliobaki macho. Lakini nyinyi mnapigania kiti cha mbele wakati wa kura za rais, kisha za wadi zikianza mnatafuta dawati la kulalia. Na aliyewalipa nauli ni mgombea wa wadi!

10. Usipokubaliana na matokeo, usitoroke bila kusaini ukidhani umeyaua. Ajenti kukosa kusaini, peke yake, hakubatilishi matokeo. Andika sababu ya kukataa, na iwe sababu: kituo, namba, jina. Kuna mmoja aliandika "sijaridhika." Hakimu angefanya nini na hiyo?

11. Piga picha ya fomu na uitume kwa ajenti mkuu kabla hujatoka kwenye uwanja wa shule, kisha nakala uiweke kwenye bahasha kavu. Si kwenye soksi. Machi 2013 niliwahi kuletewa moja kutoka kwenye soksi, na matokeo yalikuwa yamehamia mguuni.

12. Malipo mkubaliane mapema, na nusu iwe mkononi kabla ya siku yenyewe. Wakishinda simu zao huwa zina shughuli, wakishindwa huwa zimezimwa.

Fomu za mazoezi nimezichora, za nafasi zote sita, na kila moja ina kosa nililolificha. Atakayetaka kujaribu aje Jumamosi na kalamu yake. Siazimi kalamu.