Aliyepigana upande wa Kusini kisha akawafunga Ku Klux Klan

Ndugu, umeuliza kama yupo hata mmoja kati ya wanasheria waliobeba silaha upande wa Kusini, yaani majimbo yaliyotaka kujitenga katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), ambaye baadaye aliwatetea weusi kwa vitendo. Yupo: Amos Akerman. Watu wanamsahau kwa sababu hana sanamu kila kona kama majenerali.

Alizaliwa New Hampshire mwaka 1821, akahamia Georgia kijana, akafundisha watoto wa matajiri huku akisoma sheria. Alimiliki watumwa, tusimpake mafuta. Kujitenga kwa Kusini alikupinga, ila vita vilipoanza akalitumikia jeshi la jimbo lake. Baada ya Kusini kushindwa alijiunga na chama cha Republican, na mwaka 1870 Rais Grant akamfanya Mwanasheria Mkuu, mwaka uleule Wizara ya Sheria ilipoanzishwa.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Vuli ya 1871 alikwenda mwenyewe South Carolina, kaunti ya York, ambako wanaume waliofunika nyuso wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, walikuwa wakiwapiga na kuwaua wapiga kura weusi usiku. Grant akasitisha haki ya mahabusu kufikishwa mahakamani katika kaunti tisa, wakakamatwa mamia. Waziri wa Mambo ya Nje, Hamilton Fish, alilalamika kwenye shajara yake kwamba jamaa haongei kingine kwenye baraza ila Klan tu!

Desemba 1871 akaombwa ajiuzulu. Wengi wanasema chanzo ni kampuni za reli, alizozinyima ardhi ya serikali. Akarudi Cartersville kufanya uwakili, akafa 1880.