Alama ya taiming haitulii gari likiwa sailensa

SWALI

Bwana Mhariri, assalamu alaikum. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1982, aina ya KE70 yenye injini ya 4K, niliyoachiwa na marehemu baba yangu, nami sina nia ya kuiuza. Karibu kila siku hutoka nayo Malindi mjini hadi Gongoni, na ikiwa mwendoni haina neno. Taabu huanza ninaposimama: sailensa, yaani mwendo wa injini ikinguruma gari limesimama, hupanda na kushuka, gari zima hutikisika, na mara nyingine injini huzima papo hapo. Fundi alifunga taa ya taiming, ile ya kupimia wakati moto wa plagi unapotoka, akanionyesha alama ya kwenye puli ikirukaruka. Ameizungusha distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, mara tatu kwa siku tatu, akapandisha skrubu ya sailensa ili isizime, na hali imebaki ile ile. Sasa ananishauri ninunue distributa ya kielektroniki. Je, kuna jambo ambalo halijatazamwa?

Msomaji, Malindi

JIBU

Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Liko jambo, na pengine ni zaidi ya moja. Kuzungusha distributa huihamisha alama kutoka mahali hadi mahali, lakini hakuitulizi, kwa hivyo fundi wako alikuwa akitweka tanga upya ilhali mlingoti ndio unaocheza. Simlaumu sana, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwa kosa hilo hilo.

Kwanza elewa unachokitazama. Krenki, shafti kuu ya injini iliyoshika puli, huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa distributa, hivyo injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, distributa huzunguka 400 tu. Maana yake ni kwamba mchezo wa digrii moja ndani ya distributa huonekana kuwa digrii mbili kwenye puli. Ukiona alama inaruka digrii sita, hitilafu unayoitafuta ni ya digrii tatu, nayo ni ndogo kiasi cha kumpita mtu anayetazama kwa haraka.

Kabla ya kufungua chochote, irudishe chini ile skrubu ya sailensa. Ndani ya distributa mna vizito viwili vilivyoshikwa na springi mbili; mwendo ukiongezeka vizito hutanuka na kuutanguliza moto wa plagi. Sailensa ikipandishwa hadi karibu na mwendo ambao vizito huanza kutanuka, moto hutangulia, injini hukimbia zaidi, kisha hulegea, vizito hurudi, na mchezo huanza tena. Isitoshe, katika kabureta nyingi za zama hizo tundu la vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) ya distributa liko juu kidogo tu ya ukingo wa kile kibati kinachofunga hewa, ili injini ikiwa sailensa pasiwe na mvuto wowote unaofika kwenye distributa. Skrubu ikipandishwa, kibati hufunguka, tundu huachwa wazi, na vakyumu huanza kulivuta bati la pointi, vile viguso vinavyofunguka ili moto utoke, wakati ambao halikutakiwa kuvutwa. Kwa hiyo tiba aliyokupa fundi yaweza kuwa ndiyo nusu ya ugonjwa.

Fanya hivi. Injini ikiwa imeshapata moto, chomoa mpira wa vakyumu kwenye distributa na uzibe ncha yake kwa bolti ndogo, kisha teremsha sailensa hadi mizunguko 700 au 750, hata ikibidi mwenzako aiokoe injini kwa kugusa pedali kidogo. Tia chokaa kwenye alama ya puli, na kazi hii uifanye kivulini au baada ya jua kuchwa, kwa sababu jua letu la mchana huimeza taa ya taiming. Ukiwa umevaa kikoi, kifunge vizuri: mwanga ule unaopepesa huweza kuifanya feni ionekane kana kwamba imesimama au inakwenda polepole, nayo iko kasi yake ile ile. Kile kibanio cha taa kikae kwenye waya wa plagi namba moja peke yake, mbali na waya nyingine, kwani taa ya bei rahisi hudanganywa na moto wa waya wa jirani.

Alama ikitulia kwa namna hiyo, distributa yako haina kesi kubwa. Hapo swali linakuwa ni kwa nini injini ilizima mwanzoni hata ikapandishwa, na jibu mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye gasketi ya manifoldi, au jeti ya sailensa, tundu dogo la petroli ndani ya kabureta, iliyozibwa na uchafu.

Isipotulia, tazama namna inavyocheza, kwa maana mchezo wenyewe ndio unaosema. Alama inayokwenda na kurudi polepole, pamoja na mlio wa injini, inaufuata mwendo tu. Alama inayorukaruka ovyo, kila mmweko mahali pake, huku mlio wa injini haukubadilika sana, hiyo ni distributa iliyolegea. Hamisha kibanio cha taa hadi waya namba nne. Katika injini yako pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja, hivyo alama inapaswa kuonekana mahali pale pale. Ikiwa kwa namba moja imetulia mahali pamoja, na kwa namba nne imetulia pengine, basi shafti ya distributa imepinda au pembe zake zinazofungua pointi zimelika kwa kupishana. Ikiwa mwanga wenyewe unakatika, kagua waya, kondensa na nyuso za pointi.

Sasa zima injini, fungua kifuniko cha distributa na ushike rota, kile kipande kinachozunguka juu ya shafti, kwa vidole viwili. Izungushe kuelekea upande inakozunguka injini ikiwaka, kisha iachie. Inatakiwa iende kidogo na irudi kwa nguvu. Ikirudi kwa uvivu au ikabaki ilikoachwa, vizito vimekauka mafuta au springi imechoka. Mara nyingi springi hizo hazilingani, moja nyepesi na moja nzito, na ile nyepesi ndiyo inayoamua mambo kwenye sailensa, kwa hiyo usikubali mtu akutilie mbili zilizookotwa tofauti tofauti.

Kisha isukume rota pembeni, kwenda na kurudi. Hapa ndipo gari nyingi za umri huo zinapokamatwa. Weka pembe moja ya shafti ifungue pointi kikamilifu, pitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia uwazi) ya milimita 0.45, kisha sukuma shafti kwa kidole. Ikiwa geji iliyokuwa ikigusa kwa wepesi sasa inapita bila kugusa, au imebanwa, bushi zinazoshika shafti zimekwisha. Uwazi wa pointi ndio unaoamua moto utoke lini: uwazi ukipungua moto huchelewa, ukiongezeka hutangulia. Shafti inayotikisika hubadilisha uwazi huo katika kila mzunguko, na hakuna mkono wa fundi utakaoituliza kwa kuizungusha distributa kwa nje.

Lakini usitoe hukumu kabla ya kulitazama bati la pointi lenyewe. Lina waya mdogo wa kusuka unaoliunganisha na mwili wa distributa, na huo kwetu pwani ni adui wa siri. Niliwahi kuletewa pikapu ya mchuuzi wa samaki iliyokuwa na dalili kama zako, nikabadilisha pointi, nikabadilisha kondensa, nikaizungusha distributa mpaka nikaona haya. Jioni nikaubana waya ule kwa koleo ndogo, nao ukakatika kama uzi uliooza: juu ulikuwa mzima, ndani ilikuwa kutu ya kijani tupu. Kila bati lilipotikisika, umeme ulipita na kukatika. Wewe unayepita kila siku kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, waya huo uanze nao, kwa kuwa kuubadilisha ni kazi ndogo isiyo na gharama ya kutajwa.

Likibaki la cheni ya taiming, lipime kwa spana kwenye bolti ya puli, plagi zikiwa zimetolewa. Zungusha krenki upande mmoja hadi rota ianze kusogea, kisha irudishe taratibu upande wa pili huku mtu akiikodolea macho rota. Puli ikitembea digrii nyingi kabla rota haijashtuka, cheni imelegea au gia ya distributa imelika. Hata hivyo, cheni iliyolegea kiasi hicho kwa kawaida hupiga kelele mbele ya injini, nawe hukutaja kelele.

Kuhusu distributa ya kielektroniki, si kweli kwamba pointi zenyewe ndizo kosa, maana gari lako limetembea nazo tangu lilipoundwa. Kifaa cha kielektroniki kinachowekwa mahali pa pointi ndani ya distributa yako ya zamani kitapunguza ukaguzi wa uwazi, lakini kitakalia bati lile lile, juu ya shafti ile ile, kwa vizito na springi vile vile. Bushi zikiwa zimekwisha, mchongaji mzuri aweza kukuchongea mpya za shaba. Ukiamua kununua distributa nzima iliyotumika, isukume shafti yake pembeni kwa kidole mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa.

Ukishamaliza, weka taiming kwa digrii zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti, mpira wa vakyumu ukiwa bado umechomolewa na kuzibwa. Kanyaga hadi mizunguko 2500 uone alama ikipanda kwa utaratibu bila kuruka, uachie, na uangalie kama imerudi pale pale ilipotoka. Mpira uurudishe mwisho.