Papa wa chumvi si samaki wa moshi

Dada, pole kwa mchuzi wako. Umesema ulinunua papa mkavu soko la samaki Bagamoyo, ukamtia kwenye tui moja kwa moja kama mnavyompika sangara wa moshi kwenu Mwanza, mkashindwa kumla kwa chumvi.

Wote huitwa wakavu, lakini hawakukaushwa kwa njia moja. Papa hupasuliwa, hutiwa chumvi nyingi, kisha huanikwa juani. Chumvi huvuta maji kwenye nyama, na pasipo maji vijidudu vya kuozesha havistawi. Ila moto hajauona: ni mbichi bado, hata akiwa mgumu kama ubao. Sangara wako amebanikwa juu ya uchaga, joto limeshamwivisha na moshi umempa rangi na harufu. Ndiyo maana yeye ukimwosha kwa maji ya moto anaingia chunguni.

Papa mroweke usiku kucha, ubadilishe maji mara mbili tatu. Asubuhi mchemshe, mwaga maji yale, toa ngozi, umchambue. Onja kipande kabla ya kutia tui, na kopo la chumvi usiliguse kabisa. Mimi humtilia embe bichi. Bila uchachu naona papa hajakamilika.

Na huyo wa moshi, akiwa laini katikati usimwache kabatini siku nyingi. Ana maji bado, hushika ukungu upesi. Mweke kwenye friji.