Jibu: Video za kemia nazielewa, titresheni inanishinda

Habari mdogo wangu. Umesema masomo ya kemia ya mtandaoni unayaelewa, ila ukikaa na swali la titresheni (kupima ukolezi wa asidi au besi kwa kuichanganya na nyingine ambayo ukolezi wake unajulikana) unakwama. Hata mimi kidato cha nne nilikwama hapohapo.

Kwanza angalia: ukitazama video, kalamu iko mkononi? Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa tu. Nilipoanza kusimamisha video kabla mwalimu hajakokotoa, nikafanya mwenyewe ndipo nilinganishe, kosa likajitokeza: nilisahau kugawanya ujazo wa sentimita za ujazo kwa 1000 ili nipate lita.

Maabara, shusha jicho lilingane na myeyusho kwenye bureti (mrija wenye vipimo na koki), soma chini ya mbonyeo wa uso wa myeyusho, andika desimali mbili: 24.60, si 24.6. Kama asidi iko kwenye bureti, methili oranji (kiashiria kinachobadilika rangi) ikitoka njano ikawa rangi ya chungwa, funga koki. Ikiwa nyekundu umepitiliza, rudia. Ukikaribia mwisho, achia tone moja moja.

Matokeo yalipotoka nilimwandikia yule mwalimu wa video kumshukuru. Hatujawahi kuonana, lakini alama zile ni jasho lake pia.

Weka swali lililokukwamisha na hesabu yako yote, hata uliyoikata, tuone umeteleza wapi.